Istilahi za Mfumo wa Usanifu na Mstari wa Amri

Hivi karibuni tuliletewa tuipitie tafsiri ya mwongozo wa kufundishia Style Dictionary, chombo kitumiwacho na watengenezaji wa programu za kompyuta na simu. Kiswahili chake kilikuwa safi, tena cha kupendeza. Lakini mwanafunzi aliyeufuata mwongozo huo neno kwa neno hakuweza kuifanya kazi. Mfasiri aliagiza lipigwe neno "jenga", naye mwanafunzi akapiga "jenga". Mashine haikuitambua amri hiyo, kwa kuwa neno ilijualo ni "build". Kulisahihisha kosa hilo ni kazi ya dakika moja, ila limetuonyesha kwamba istilahi za fani hii hazina budi kuelezwa pamoja na kazi zinazotajwa nazo.

Tuanze na mfumo wa usanifu. Huu ni mkusanyo wa kanuni, rangi, vipimo, aina za herufi na vipande vilivyo tayari, kama vile vitufe na fomu, ili kurasa zote za shirika au serikali ziwe na sura moja. Serikali ya Marekani ilitoa mfumo wa namna hiyo kwa tovuti za idara zake mwaka 2015. Ile ya Uingereza ikatoa wake mwaka 2018. Wafasiri wengine wameandika "mfumo wa usanifishaji". Hatukubaliani nao. Usanifishaji ni kuleta namna moja iliyokubaliwa, kama ulivyofanyiwa uandishi wa Kiswahili. Usanifu ni kubuni umbo, na ndiyo kazi ya msanifu majengo. Mfumo tunaoueleza huleta ulinganifu, ni kweli, lakini kinacholinganishwa ni umbo.

Ugumu unaotatuliwa na chombo hiki ni huu. Rangi moja ya kijani huandikwa #1E7B34 katika kurasa za mtandao. Kiasi cha uangavu kikitajwa, alama mbili za kukionyesha hukaa mwishoni: #1E7B34FF. Katika programu za Android alama hizo hutangulia: #FF1E7B34. Katika simu za iPhone, rangi hiyo hiyo hutajwa kwa desimali tatu za nyekundu, kijani na buluu, yaani 0.118, 0.482 na 0.204. Anayenakili kwa mkono kutoka huku kwenda huko atakosea siku moja, na kosa lenyewe halionekani kwa kusoma. Kwa hiyo rangi huandikwa mara moja tu katika faili moja, ikapewa jina. Kisha amri "style-dictionary build" hulisoma faili hilo na kutoa mafaili mengine, kila moja kwa kanuni za mahali pake. Jina moja laweza pia kurejelea jingine, hata rangi ya kitufe ikafuata rangi kuu bila kuguswa.

Amri hiyo hupigwa kwa herufi mahali panapoitwa mstari wa amri. "Laini ya amri" tunaikataa, kwani laini kwa wasomaji wengi ni ya simu.

Neno lililotusumbua zaidi ni lile la jina na thamani yake kwa pamoja, ambalo kwa Kiingereza lilienezwa na watu wa kampuni ya Salesforce katika muongo wa 2010. Kulitohoa kuwa "tokeni" ni rahisi, lakini tokeni imekwisha kupata makao: mwananchi akiisikia hufikiri umeme umekwisha nyumbani. "Alama" ni pana mno. Sisi twapendekeza "kibainishi cha usanifu". Wanasarufi watanung'unika kwamba kibainishi ni chao. Hata hivyo twaona si rahisi mtu kuchanganya rangi ya kitufe na "huyu" au "yule".

Amri nyingine ni "clean". Mfasiri wetu aliieleza kwa neno "husafisha", na hapa hatari ni kubwa kuliko ile ya "jenga", maana msomaji atadhani vumbi linapanguswa. Kwa hakika amri hii hufuta mafaili yaliyotolewa na "build". Mtu aliyeyahariri mafaili hayo kwa mkono ataipoteza kazi yake yote. Maelezo na yaseme "hufuta matokeo", na neno lenyewe la amri libaki kama lilivyo, likiwekwa katika alama za kunukuu.

Kuhusu sehemu ya programu aionayo mtumiaji, tumekuta "ncha ya mbele" katika tafsiri tatu. Twashauri "upande wa mtumiaji", mpaka atokee mwenye neno fupi zaidi.