Kwa Baisikeli Mpaka Hamamu za Unguja

Watoto wa Nassa hawana haja ya kuambiwa maana ya kuoga pamoja. Jua likielekea kuzama, wavulana huingia katika Ghuba ya Speke upande wao na wasichana upande wao, na kelele zao husikika mbali. Tena mmekwisha kuonywa habari ya kichocho. Katika majani ya ukingoni hukaa konokono wadogo, na kutoka kwao huja vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyemo majini, hata kama hana kidonda. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa upesi. Kwa hiyo maji yaliyotekwa yakawekwa siku mbili kamili pasipo konokono, au yaliyochemshwa, hayana hatari hiyo.

Basi leo nataka kuwaelezeni namna nyingine ya kuoga pamoja, ambayo watu hawayafuati maji ziwani, bali maji huletwa nyumbani na kupashwa moto. Nyumba hiyo huitwa hamamu, nalo ni neno la Kiarabu. Mimi nilikwenda kuyaona magofu ya hamamu za Unguja, nikakodi baisikeli mjini. Mwenye baisikeli aliniuliza kama nimezoea kuipanda. Nikamjibu kwamba kwetu Usukuma watu hupakia gunia zima nyuma ya baisikeli na bado huimba njiani. Akacheka, akanipa.

Hamamu ya kwanza i katikati ya mji wa mawe, katika mtaa uitwao Hamamni, yaani penye hamamu. Mtaa umepata jina kwa jengo. Ilijengwa siku za Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na fundi wake alikuwa Haji Gulamhussein. Haikuwa ya jumba la mfalme, bali ya watu wa mji.

Hamamu si birika tu. Kwanza mtu huingia chumba cha kuvulia nguo, kilicho baridi. Halafu chumba cha vuguvugu. Mwisho chumba cha moto. Haruki kimoja, maana mwili hutaka kuzoezwa. Moto wenyewe huwashwa katika tanuri, na joto lake hupita chini ya sakafu ya mawe. Maji yakimwagika juu ya mawe hayo hugeuka kuwa mvuke, na mtu hutoka jasho jingi. Taka zilizoshika ngozi hulainika, ndipo asuguliwapo kwa kitambaa kigumu na kumiminiwa maji. Juu hakuna dirisha kubwa, kwa sababu lingepoteza joto. Kuna kuba lenye matundu madogo, na mwanga hushuka kwayo kama vijiti. Wanaume na wanawake hawaingii pamoja, kila kundi lina wakati wake, wala mtu hakai uchi kabisa, bali hujifunga nguo kiunoni.

Maji yalitoka wapi? Hapa ndipo penye kazi kubwa. Zamani watu wa mji walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na nyumba na vyoo, na katika kipindupindu cha 1869 na 1870 walikufa watu maelfu kisiwani. Barghash alijenga mfereji ulioleta maji safi ya chemchemi toka nje ya mji. Katika majengo yake yote, nafikiri mfereji huo usioonekana ulikuwa bora kuliko majumba yanayoonekana.

Yapata mwaka wa 1920 hamamu hiyo iliacha kutumika. Nilishuka katika birika lake nikakuta mawe makavu. Anayetaka kuona desturi kama hii ingali hai aweza kwenda Japani. Huko wasafiri huzunguka kwa baisikeli katika miji ya Kyoto na Nara kutazama mahekalu ya kale, na jioni huingia nyumba ya kuogea ya watu wote, iitwayo sento. Mahekalu yenyewe yalikuwa na nyumba za kuogea tangu kale, na watawa waliwafungulia hata maskini. Kanuni yao ni hii: mtu hukaa kwanza nje ya birika, juu ya kiti kidogo, akajisugua kwa sabuni na kujimwagia maji mpaka pasibaki povu hata kidogo. Ndipo aingiapo katika maji ya moto, yenye joto la digrii 40 na zaidi, naye hukaa kimya mpaka apate joto. Haingii ili atakate. Huingia akiwa amekwisha kutakata, kwa kuwa maji yale ni ya wenzake pia.

Nikapanda baisikeli nikashika njia ya kaskazini. Kilomita 4 hivi kutoka mjini ni Maruhubi, jumba la Barghash la mwaka wa 1882, lililoungua 1899. Zimesalia nguzo nene, matangi ya maji, na nyumba ya hamamu. Mbele yake ni Mtoni, jumba la Seyyid Said, alipozaliwa binti yake Salme mwaka wa 1844. Salme aliandika kitabu cha maisha yake, kilichochapwa mwaka wa 1886, na humo alieleza jinsi watu wengi wa nyumba ile walivyokwenda kuoga kila siku.

Kisha Bububu. Watu husema jina hilo ni mlio wa gari la moshi lililofika pale mwaka wa 1905. Ni hadithi nzuri, lakini Salme amelitaja jina hilo katika kitabu chake, kabla reli haijajengwa.

Hapo njia ya Kidichi hupanda kilima, na hapo gurudumu langu likatoka upepo. Nikaikokota baisikeli kati ya mikarafuu, nikafika nimelowa jasho kama mtu aliyekwisha kukaa katika chumba cha moto. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka wa 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah. Hamamu ya mjini haina mapambo; lakini hapa kuta zimetiwa nakshi za chokaa, maua, mitende na ndege, kwa namna ya kwao Uajemi. Bibi yule alikuwa mbali na nchi yake, na mafundi walimchorea. Nilisimama kitambo kirefu nikitazama ndege wale, na matone ya mwanga juu ya sakafu.

Nilirudi mjini usiku, baada ya kijana mmoja wa Kidichi kuliziba gurudumu. Mwenye nyumba alinipa ndoo ya maji na kata. Kata za kwanza zilitoka nyekundu kwa vumbi la njiani. Nikasugua tena, nikamwaga, mpaka maji yaliyoshuka sakafuni yakawa meupe.