Jazi laini kurudi redioni

Jazi laini, muziki wa saksafoni na gitaa wenye mdundo wa taratibu, ilipata makao mwaka 1987, pale masafa ya 94.7 FM mjini Los Angeles yalipoachana na roki na kuwa kituo cha KTWV. Miongo miwili baadaye iliporomoka: WQCD ya New York iliiacha 2008, WNUA ya Chicago 2009. Kipimo kipya cha wasikilizaji kilichangia sana. Zamani msikilizaji alijaza daftari kwa kumbukumbu, na mpenzi wa kituo aliandika saa nyingi. Kifaa kipya cha kuvaa kiunoni, kilichonasa alama za sauti zilizofichwa katika matangazo, hakikuwa na mapenzi hayo. Njia nafuu ya kuirudisha jazi laini ni mkondo wa kidijitali ndani ya masafa yaleyale ya FM. Inasikitisha kwamba redio za kawaida haziupati.