Moyo, nyoka na misumari: alama za Vodou tunazovaa shingoni zilitoka wapi?

Kifurushi kimefika toka Montréal, kimetumwa na shangazi. Ndani kuna nguo za watoto, sabuni, na heleni za rangi ya fedha zenye umbo la moyo uliozungukwa na nyota na matawi madogo. Binti anazivaa siku ya Mungu. Wakati wa kutoka kanisani, mama mmoja wa kikundi cha maombi anamvuta pembeni: «Mwanangu, hiyo ni alama ya mashetani. Itoe, tuichome.»

Nani mashariki mwa DRC hajasikia kisa kama hiki? Leo ni heleni, kesho ni sanamu ya mbao juu ya kabati ya televizyo, keshokutwa ni lile jicho la buluu ambalo wafanyabiashara wanaleta toka Uturuki. Kila mara watu wanauliza kama kitu hicho kina nguvu mbaya. Wachache wanauliza kilitengenezwa na nani, na kwa kazi gani.

Tuanze na moyo huo. Mama wa maombi hakukosea kabisa: kweli ni alama ya dini. Huko Haiti mchoro wa namna hiyo unaitwa veve, na moyo ni wa Ezili, roho ya mapenzi na uzuri. Kila roho iko na alama yake. Legba, mlinzi wa njia panda, ana msalaba na fimbo. Danbala ana nyoka. Baron, mkubwa wa makaburi, ana msalaba juu ya kaburi, na majeneza pembeni. Anayechora anashika unga wa mahindi au majivu, anauachilia kidogo kidogo kati ya vidole mpaka mchoro ukamilike juu ya udongo. Kisha ngoma inapigwa, watu wanacheza, na miguu yao inaufuta. Veve haikufanywa ili idumu. Anayeitia ndani ya fedha au kuishona kwenye mto wa kiti cha sebuleni anashika kitu ambacho wenyewe wanakiacha kiende na vumbi.

Vodou ni dini, haikuzaliwa kama biashara ya mapambo. Jina lenyewe limetoka kwa Wafon wa Benin, ambako vodun ni roho. Benin wanaisherehekea kila mwaka mwezi wa Januari, na ni mapumziko nchini kote. Haiti nayo iliitambua rasmi mwaka 2003, baada ya miaka mingi ya mateso: mwaka 1941 na 1942 kulikuwa kampeni ya kanisa, ikisaidiwa na serikali, ya kukusanya ngoma na vitu vya ibada na kuvichoma.

Kongo ndani ya Haiti

Hapa ndipo habari hii inatuhusu sisi. Katika miaka ya mwisho kabla ya watumwa wa Saint-Domingue kuamka dhidi ya mabwana zao mwaka 1791, mateka wengi walioshushwa pale walitoka pwani ya Kongo na Angola. Walifika mikono mitupu, lakini maneno yao yalibaki. Mpaka leo, wakati wa ibada, Wahaiti wanataja kundi zima la roho wanaloliita Kongo. Roho za maji wanaziita Simbi, jina la Kikongo. Mtabibu wa kienyeji wanamwita gangan, na kila msomaji wa Kiswahili anamtambua mganga ndani ya neno hilo. Kuna hata kitu kinachoitwa pakèt kongo: furushi la dawa lililofungwa kwa kitambaa na utepe wa rangi, lenye manyoya juu. Siku hizi wakusanyaji wa sanaa wanalipanga kwenye rafu zao kama chombo cha maua.

Na yule mwanasesere mwenye sindano, ambaye filamu zimemfanya kuwa sura ya Vodou duniani kote? Yeye hana nafasi kubwa katika ibada ya Haiti. Kuchoma sanamu ya adui kwa sindano kunajulikana tangu zamani Ulaya, Uingereza ikiwa mojawapo. Wakati jeshi la Marekani liliikalia Haiti, toka 1915 hadi 1934, vitabu na sinema za kutisha vilianza kutoka: filamu ya «White Zombie» ni ya mwaka 1932. Wanunuzi walitaka kuogopa, wauzaji wakawapa cha kuogopa. Katika mji wa New Orleans, ambako maelfu ya watu waliokimbia Saint-Domingue walifikia mwaka 1809 na 1810, maduka ya watalii yamejaa wanasesere hao, karibu na uwanja unaoitwa Congo Square. Mama Marie Laveau, aliyekufa 1881 na ambaye ndiye jina kubwa la Vodou mjini humo, amekuwa picha kwenye vikombe na mishumaa.

Wengi wanaosema sindano zilitoka Afrika wanafikiria sanamu za Bakongo zilizojaa misumari, nkisi nkondi. Lakini kule msumari ulikuwa na kazi nyingine. Watu wawili wenye ugomvi walikuja mbele ya nganga, wakala kiapo, na chuma kikapigwa ndani ya mti ili neno lishikwe. Atakayevunja kiapo, nkondi atamfuata. Kwa lugha ya leo tungesema sanamu hiyo ilikuwa karibu zaidi na tribinali kuliko na silaha ya mlozi. Nguvu yake ilikaa katika dawa zilizofungwa tumboni, mara nyingi nyuma ya kipande cha kioo. Bila dawa hizo na bila nganga, Bakongo wenyewe waliona ni mti uliochongwa tu.

Sisemi kila mtu aweke nkisi sebuleni. Mkristo au Mwislamu asiyetaka alama ya dini nyingine nyumbani mwake ana haki yake, na hakuna wa kumcheka. Shida inaanza pale kitu kinapogeuka kuwa ushahidi dhidi ya mtu. Nani alileta sheni hii? Ni bibi. Basi bibi ndiye mlozi. Katika Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake wazee kadhaa waliuawa kwa sababu tu walisingiziwa ulozi. Kuhusu watoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu yeyote anayemsingizia mtoto ulozi, hata kama anayesema ni mzazi au mchungaji. Heleni zinaweza kurudishwa kwenye kifurushi. Bibi aliyechomwa harudi.

Tuone pia jambo hilo toka upande wa pili. Huko Lubumbashi mafundi wanauza misalaba midogo ya shaba, ile croisette ya Katanga, pamoja na shanga za malakiti. Mgeni asiyejua anaweza kuiona ni alama ya siri. Sisi tunajua ilikuwa pesa, ilizikwa pamoja na wafu katika makaburi ya Sanga karibu na ziwa Kisale, na ilichorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Tungekasirika kama mtu angeitupa motoni akisema ni shetani. Mhaiti naye ana hasira yake hiyo, kwa ajili ya moyo wa Ezili.

Mwaka 1878, karibu na Boma, Mbelgiji Alexandre Delcommune alichukua nkisi nkonde ya chifu Ne Kuko wakati wa vita. Iko Tervuren, Ubelgiji, ndani ya kioo, na misumari yake yote. Nakala ndogo za sanamu za namna hiyo zinauzwa leo kwa wanaopenda kupamba nyumba, mbao laini, misumari imepangwa vizuri. Tumboni hakuna dawa, na hakuna aliyekula kiapo mbele yake.