Klasi Yenye Wazazi Wawili (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye klasi yenye mzazi mmoja, ambako hakuna la kushangaza: kompyuta ikikosa methodi kwa mtoto, hupanda kwa mzazi, kisha kwa babu. Wazazi wakiwa wawili mambo hugeuka, na Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, huruhusu wazazi hata zaidi ya hao.

Tubuni duka hapa Gisenyi, jirani na kituo cha mpaka cha Petite Barrière kuelekea Goma, linalouza bidhaa za pande zote mbili za mpaka. Programu yake ina klasi Bidhaa, ambayo methodi yake bei() hutoa bei kwa faranga za Rwanda. Chini yake ziko klasi mbili. YaGoma imeiandika bei() upya ili itoe dola, kwa kuwa ng'ambo ile dola inatembea sana. Chakula huita super().bei() kisha hujumlisha 500, faranga za barafu. Maziwa, inayorithi Chakula peke yake, haina matata. Ila samaki aina ya sambaza walionunuliwa Goma ni chakula na pia ni mali ya Goma, hivyo klasi Sambaza imerithi Chakula kwanza, kisha YaGoma. Kilo ya dola 3 inatoka kwenye mashine ikisomeka 503!

Aliyeandika Chakula ataapa kwamba super() ni mzazi wake, Bidhaa. Sivyo. Huyo ni anayefuata kwenye foleni ambayo Python huipitia ikitafuta methodi, na foleni hiyo hupangwa kwa klasi ya kitu chenyewe, si kwa klasi ulimoandikwa mstari. Kwa klasi tulizobuni, ya Maziwa ni Maziwa, Chakula, Bidhaa. Ya Sambaza ni Sambaza, Chakula, YaGoma, Bidhaa. Kwa hiyo Chakula inaweza kukabidhi kazi kwa klasi ambayo mwandishi wake hajapata kuisikia.

Zamani Python ilipanda tawi la kushoto hadi juu kabisa kabla ya kugusa la kulia. Kama Chakula isingekuwa na bei() yake, Bidhaa ingejibu na YaGoma ingerukwa. Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003 inatumika kanuni ya C3, iliyochapishwa 1996 kwa ajili ya lugha ya Dylan: mtoto huwatangulia wazazi, na wazazi hufuatana kama mtoto alivyowaandika. Masharti yakigongana, Python hugoma kuiunda klasi. Naona heri mgomo huo kuliko bei ya uongo mbele ya mteja.

Ukitaka kuiona foleni, andika Sambaza.mro(). Tiba ya duka letu ni kwamba kila bei() itoe faranga, YaGoma ikibadilisha dola zake humohumo ndani kabla ya kujibu. Mpangilio wa klasi haukuwa na kosa.