Mche wa ziwani haupandi Bugarama

BUJUMBURA. Kutoka Bujumbura hadi Bugarama ni kilomita zipatazo 35 tu kwa barabara ya RN1, lakini abiria aliyeondoka akijipepea kwa joto la Ziwa Tanganyika hushuka garini akitafuta sweta. Jiji liko karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, wakati Bugarama imepita mita 2,200. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo kati ya vituo hivyo viwili kuna tofauti ya nyuzi nane au tisa. Binadamu humalizana na tofauti hiyo kwa sweta. Mche wa mti hauna sweta.

Wafanyabiashara wengi huijua barabara hiyo kwa mboga. Kabichi, karoti na viazi mviringo huteremka kuelekea masoko ya jiji, na waendesha baiskeli hushuka na mikungu ya ndizi kisha hupanda tena wakiwa wamening'inia nyuma ya malori. Kinachopanda mlima ni saruji, mabati na misumari. Nyumba ikishaezekwa, mwenyewe hutaka kivuli, uzio na maua, na hapo miche ya vitalu vya bondeni, iliyopangwa katika viriba kando ya barabara, hupata mteja wa milimani. Hasara nayo huanzia hapo hapo.

Mwembe ni mfano ulio wazi. Bujumbura ni mji wa miembe, na mche wake ukiwa kitaluni hupendeza macho. Ukipelekwa Bugarama hudumaa, na hata ukiishi, kupata tunda ni bahati nasibu. Mwarobaini nao ni mti wa joto. Mchikichi unaostawi Rumonge, ufukweni mwa ziwa, hauna kazi kwenye kilele cha milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile. Mteja haelewi habari za mwinuko. Anachokumbuka ni kwamba alilipa, alipanda, akamwagilia, mche ukafa, na mara ijayo hanunui kwa mtu yule.

Lipo pia tatizo la jina. Sokoni, mti wowote ambao mnunuzi ameukuta tangu utotoni huitwa wa asili. Mgrivea, ambao umejaa mashambani kote katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulitoka Australia. Mkaratusi nao ni wa huko huko. Saipresi inayokatwa vizuri na kuwa uzio wa nyumba za wenye uwezo ina asili ya Mexico na nchi za jirani yake. Si haki kuitukana miti hiyo, maana mkaratusi umelisha familia nyingi kwa nguzo, kuni na makaa. Lakini katika uwanja mdogo wa nyumba hunyonya maji na kuacha udongo wa chini yake mtupu, na anayeuza mkaratusi kwa jina la mti wa asili anauza kitu kingine na alichoahidi.

Miti ya asili ya baridi ya Burundi ina mahali pake panapojulikana: msitu wa Kibira, hifadhi ya taifa ya hekta zipatazo 40,000 ambayo kaskazini huungana na Nyungwe ya Rwanda. Huko kuna mianzi ya milimani, lobelia kubwa zinazopenda unyevu, na miti mirefu ambayo imeishi na ukungu na mvua ya mawe kwa maelfu ya miaka. Anayetaka kujua kipi kitaishi kwenye bustani ya Bugarama aanze kwa kuuliza kipi tayari kinaishi Kibira.

Kwa viwanja vya juu kabisa, kuanzia mita 2,000, Hagenia abyssinica ni mti wa kwanza kufikiriwa. Ni mti wa milimani hasa, wenye majani makubwa yenye manyoya na mashada ya maua mekundu yanayoning'inia. Nchini Ethiopia maua yake yametumika tangu zamani kama dawa ya tegu. Ushuke nao hadi ziwani, utakuwa umeufanyia kosa lile lile alilofanyiwa mwembe, ila kwa upande wa pili.

Umuremera, ambao wataalamu huuita Prunus africana, una nafasi pana zaidi, kwa kuwa unastawi kuanzia miinuko ya kati hadi ya juu sana. Una majani ya kijani kibichi mwaka mzima, kivuli kizuri na maua madogo meupe. Magome yake yanatafutwa Ulaya na Marekani kwa dawa za tezi dume, na tamaa hiyo imeuponza: miti mingi katika bara hili imebanduliwa magome ikafa ikiwa imesimama. Tangu 1995 umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, kwa hiyo magome yake hayavuki mpaka bila kibali. Bustani yenye umuremera mmoja ni mapambo. Gunia la magome yake kwenye lori ni kesi.

Anayetaka mti usioziba mwanga apande umwungo, Polyscias fulva, wenye shina lililonyooka na majani yaliyokusanyika juu kama mwavuli. Mboga za chini yake huendelea kuota. Mbao zake ni nyepesi na huchongeka kwa urahisi. Kwa uzio, wenyeji hawakusubiri saipresi. Walichoma vijiti vya umurinzi ardhini vikaota. Jina hilo halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili, kwani umurinzi ni mlinzi, na katika ibada za kale za Kiranga mti huu, Erythrina abyssinica, ulikuwa na heshima ya pekee. Maua yake mekundu huwaka wakati mti hauna hata jani moja, na mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo. Mbegu zake nyekundu na nyeusi zina sumu. Penye watoto wadogo wanaookota kila kitu, hilo lisemwe kabla pesa hazijapokelewa. Pembeni ya njia inatosha umuravumba au umubirizi, vichaka vya dawa ambavyo huota kwa vijiti na ambavyo bibi yeyote wa Kirundi anajua kazi yake.

Gitega ni hesabu nyingine. Tangu kuwa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, mji huo umekuwa na sababu mpya ya kujenga, lakini mwinuko wake ni wa kati, na mche sahihi wa Bugarama si lazima uwe sahihi huko. Gitega inawafaa umusave wenye maua ya njano, na umuvugangoma, ambao Watanzania huuita mringaringa. Ni mti wa maua meupe yanayopendwa na nyuki, na ndio mti ambao gogo lake huchongwa ngoma za Burundi, zile zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Gishora, patakatifu pa ngoma hizo, hapako mbali na Gitega. Wachongaji wanahitaji gogo nene na mti hauneni kwa mwaka mmoja, kwa hiyo kila umuvugangoma unaopandwa uani leo ni deni linalolipwa kwa kizazi kijacho. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni hadithi inayouza mche bila hata kuongeza chumvi.

Baada ya aina ya mti, kitu cha kuulizia ni mahali mbegu ilipotoka, na hapa ndipo wachuuzi wengi huteleza. Umuremera uliotokana na mti mama wa nyanda za chini si sawa na uliotokana na mti mama wa milimani, ingawa jina ni moja. Mche uliokulia ziwani, hata wa aina sahihi, una majani laini yaliyozoea joto. Ukitupwa ghafla kwenye usiku wa Bugarama huungua. Dawa ni ama kuwa na kitalu huko huko juu, ama kuukomaza kwa wiki kadhaa kwenye kituo cha katikati, ukipunguziwa kivuli na maji kidogo kidogo. Hewa baridi huteremka usiku na kulala mabondeni, kwa hiyo mche dhaifu upandwe mteremkoni. Kupanda kufanyike mvua zinapotulia, Oktoba na Novemba, ili mizizi ipate miezi ya kutosha kabla ya kiangazi cha Juni.

Njia ya mkato ya kung'oa miche Kibira haifai hata kutajwa kama biashara. Ni hifadhi, na mche wa msituni uliong'olewa na mzizi nusu hufa mara nyingi kuliko wa kitaluni. Kampeni ya serikali ya Ewe Burundi Urambaye, iliyoanza 2018, imeeneza vitalu vya miti nchini, na humo ndimo pa kuanzia kuulizia mbegu za halali.

Kuhusu malipo, Kenya ilishaonyesha njia. Harakati ya Green Belt aliyoianzisha Wangari Maathai mwaka 1977 iliwalipa kina mama kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliopandwa. Muuza miche wa Bujumbura anaweza kufanya makubaliano ya aina hiyo na mteja wake: nusu siku ya kupanda, nusu baada ya kiangazi cha kwanza. Atauza michache zaidi mwanzoni, lakini hatabeba miembe kwenda Bugarama.

Kwa wanaotaka kuvusha miche, iwe kwa Kobero na Kabanga, Mugina na Manyovu au Gatumba kuelekea Uvira, kuna kosa moja linalorudiwa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, unamwondolea mfanyabiashara mdogo ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Haumwondolei ukaguzi wa afya ya mimea. Mche ni kiumbe hai, na udongo wa kwenye kiriba unaweza kubeba minyoo, kuvu na bakteria. Mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 ulienea hadi nchi jirani, Burundi ikiwemo, na machipukizi yaliyoambukizwa yalikuwa moja ya njia zake. Afisa anayezuia pikapu ya miche mpakani anaikumbuka historia hiyo.

Kwa hiyo kibali cha kuingiza hutafutwa kwanza katika nchi inayopokea, kisha cheti cha afya ya mimea katika nchi inayotoa. Mbegu safi ni nyepesi kuliko miche na hazibebi udongo, lakini zina masharti yake. Mbegu za umuremera hupoteza uhai haraka zikikauka, na zikikaa ghalani zikisubiri muhuri hazitaota. Anayezitaka upande wa pili wa mpaka awe na karatasi zote mkononi kabla matunda hayajaanza kudondoka.