Barua Zako Zisiende na Kompyuta

Juma hili nawajibu mnaouliza: barua za Gmail zitasomwaje mtandao ukikatika? Tumia Thunderbird, programu ya bure ya kompyuta. Ukiifungua, andika jina na anwani yako, kisha uchague njia moja kati ya mbili: POP au IMAP. Hapo msiwe na haraka. POP huzishusha barua kwenye kompyuta, na huweza kuziondoa kule zilikotoka. Mwizi akibeba kompyuta, kabeba na barua. IMAP huacha barua kule, ikakuwekea nakala hapa. Mimi nawashauri IMAP. Mwisho, ukurasa wa Google utakuomba neno la siri. Lakini kwenye kompyuta ya watu wengi, usithubutu: anayekuja baada yako atazisoma zote.