Kisangani: mji wa toleka watafuta nafasi ya wanaotembea kwa miguu

KISANGANI – Katika komini ya Makiso, kitovu cha mji mkuu wa jimbo la Tshopo, pikipiki, magari, baiskeli na watu wanaotembea kwa miguu hugombea njia moja. Ila kuna wakati mji huu ulibebwa na baiskeli.

Miaka ya 1990, magari yalipoadimika, vijana walianza kubeba abiria nyuma ya baiskeli. Wakaitwa toleka, neno la Lingala lenye maana ya "tupite". Hata baada ya majeshi ya Rwanda na Uganda kupigana mjini kwa siku sita, Juni 2000, na kuacha uharibifu mkubwa, toleka waliendelea kupeleka watu na mizigo sokoni. Baadaye pikipiki ziliwapokonya abiria.

Leo kutia lami peke yake hakutoshi. Barabara ikiwa laini bila njia ya miguu, pikipiki huongeza mwendo, na anayetembea hubanwa kati ya meza za wachuuzi na magurudumu. Dawa inajulikana: mifereji ifunikwe ili watu wapite juu yake, vituo vya pikipiki viwe mbali na njia panda, wachuuzi wapewe mahali pao badala ya kufukuzwa tu.

Kigali ilifunga njia moja ya katikati ya mji kwa magari mwaka 2015. Kisangani haina lazima ya kuiga. Lakini mama mwenye mzigo kichwani na mtoto anayeenda shule hawana honi. Nafasi yao ipimwe kabla lami haijamwagwa.